Mnyororo Juu ya Kikapu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari hata moja. Nilipewa gunia la alizeti na kamba, nikaonyeshwa nguzo iliyosimikwa katikati ya yadi, nikaambiwa nifunge gunia lile kwenye nguzo kiasi kwamba mtu mzima akilivuta lisisogee. Nilikuwa nimeshaoa na kupata mtoto, nimeacha kuuza vitunguu kando ya barabara ya Manyoni, na niliona kazi ya kufunga gunia ni ya kunidharau. Nikafunga. Mzee Petro, nyapara wa upakiaji, akaja akalivuta kwa mkono mmoja, likateleza mpaka chini.

"Nyumbani una mbuzi?" akaniuliza.

"Ninao, mzee."

"Na wao unawafunga hivi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kimbia ukawatafute, saa hizi wameshafika Ikungi."

Yadi nzima ilicheka, na mimi nikakasirika kweli. Ninyi vijana mnaosoma haya mnajua hasira hiyo, ya kuchekwa mbele ya watu ambao bado hata majina yao huyajui. Lakini nilibaki. Kufikia jioni gunia langu lilikuwa halisogei, na vidole vyangu vilikuwa haviwezi kushika kikombe cha chai.

Yadi yetu ilikuwa pembeni ya mji wa Singida, upande wa Unyambwa, mali ya mkandarasi wa usafirishaji ambaye sina sababu ya kumtaja. Tulibeba alizeti na vitunguu wakati wa mavuno, na miezi mingine tulibeba saruji, nondo na mashine za watu. Kila mzigo uliotoka pale ulipita mikononi mwa Mzee Petro. Alianza kama mpagazi wa magunia, akapanda mpaka kuwa nyapara, na hakuna dereva aliyethubutu kuondoka kabla yeye hajasema. Namna yake ya kufunga tuliita mkanda wa mgongo. Unapitisha kamba au mnyororo juu ya mzigo, kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine, halafu unakaza mpaka mzigo unabonyea. Gunia la alizeti lina tabia ya kushuka njiani. Mbegu zinajipanga, gunia linapungua kimo, na kamba iliyokuwa imekaza Singida inafika Manyoni ikiwa imelegea kama soksi kuukuu. Kwa hiyo unalikandamiza tangu mwanzo, lishuke kabisa kabla ya safari. Akimaliza, Mzee Petro alikuwa anaupiga mzigo kofi moja la kiganja na kusema, "Tulia sasa." Ndipo dereva anawasha gari.

Ilikuwapo pia kanuni ya yadi, haikuandikwa popote lakini ilishikwa kuliko zilizoandikwa. Dereva haongei juu ya kamba. Kugusa fundo alilofunga nyapara, au hata kulitilia shaka mbele ya watu, ilikuwa ni kumtukana mtu mzima. Nilimwona dereva mmoja akishushwa garini kwa kosa hilo, na sote tukasema kapata haki yake.

Nilifanya kazi ya utingo kwa muda mrefu, nikawa dereva wa fuso, na mwishowe nikapewa lobedi. Lobedi ni tela lililokaa chini karibu na ardhi, la kubebea mitambo. Meneja Usafirishaji wa kwanza niliyefanya naye kazi alikuwa mtu mkali lakini mwenye macho. Siku aliyonikabidhi funguo alisema, "Juma, mtambo si mzigo, ni mgeni. Mgeni unamuuliza anavyopenda kukaa." Wakati ule niliona ni maneno ya mtu aliyeshiba. Alihamishwa, akaja mwingine, kijana wa simu mbili, ambaye neno lake kubwa lilikuwa "leo". Kila kitu kwake kilikuwa leo.

Wakati wa huyo wa pili ndipo tulipoanza kusafirisha mashine za kikapu. Kwa asiyezijua, mashine ya kikapu ni gari fupi, zito sana, lenye mkono wa chuma unaokunjuka na kurefuka, na mwishoni mwa mkono kuna kikapu cha mabomba anamosimama fundi akifanya kazi juu. Zamani tulipanda majukwaa ya miti na kamba za katani. Kikapu kilikuja kutuondolea hatari hiyo, na kweli kiliwaondolea wengi.

Meneja alinipeleka Dar es Salaam kujifunza kuzipakia. Nilimuuliza kama Mzee Petro naye angekuja.

"Mzee aende kufundishwa nini?" akasema. "Anafunga mizigo tangu sisi hatujazaliwa."

Lilikuwa neno la heshima, na Mzee Petro alipolisikia alifurahi. Mimi neno hilo nalichukia mpaka kesho.

Niwaeleze nilichofundishwa, maana kuna wengine wenu mtafanya kazi hii. Tela linaegeshwa mahali tambarare, breki zake zinafungwa, na magurudumu yanawekewa kabari, vile vipande vya mbao vilivyochongwa upande mmoja. Ngazi za tela lazima ziwe kavu. Tope kidogo tu linatosha kutelezesha chuma juu ya chuma. Mwinuko ukiwa mkali mashine haiendeshwi, inavutwa kwa winchi, na hakuna mtu anayesimama nyuma yake wala kwenye njia ya waya. Ikishapanda, mkono unakunjwa wote, ile meza ya juu inayozunguka inafungwa kwa pini yake, injini inazimwa na betri inakatwa. Minyororo inafungwa kwenye masikio ya chesisi, yaani zile pete ambazo mtengenezaji amezichomelea chini karibu na magurudumu, na inavutwa kwenda pembe za tela. Hapo unakaza kwa nguvu zako zote. Kisha unapima kimo kwa fito kwa sababu ya nyaya za umeme. Ukishakwenda kidogo unasimama kukaza upya, kwa sababu hakuna mnyororo usiolegea.

Kikapu kina utaratibu wake. Unakilaza juu ya magogo ya mbao, unapitisha mkanda mmoja wa nailoni chini karibu na shingo yake, pale kinapoungana na mkono wa mashine, na unaukaza kwa mkono mtupu. Kinaachwa kicheze. Shingo ya kikapu imetengenezwa kubeba watu wanaosimama ndani yake, haikutengenezwa kuvutwa chini na mnyororo huku barabara inaigonga kwa chini. Gunia likikandamizwa linabonyea. Chuma hakina pa kubonyea, kinapata ufa, na ufa wenyewe hauonekani. Ubavuni mwa kila mashine ya namna hiyo kuna picha ya kikapu kilichopitishiwa mnyororo juu, na picha imekatwa kwa mstari mwekundu.

Mashine ninayotaka kuizungumzia niliifunga mwenyewe kama nilivyofundishwa, na tulikuwa tunaipeleka Itigi, kwenye ghala jipya lililokuwa linajengwa si mbali na reli. Siku hiyo Mzee Petro alipanda nami. Alikuwa na sababu yake: Zakaria, kitinda mimba wake, alikuwa fundi wa bati kwenye ghala hilo, na mkewe alikuwa amejifungua. Mzee alikuwa na jogoo aliyefungwa kamba, kamlaza chini garini, anampelekea mkwewe. Tulikwenda vizuri hadi Mkiwa. Tulipochukua njia ya Itigi tukaacha lami, maana siku zile kipande kirefu kilikuwa bado changarawe, na kikapu kikaanza kugonga magogo yake.

"Simama," akasema Mzee Petro.

Nikasimama.

"Unakisikia?"

"Nakisikia, mzee. Kimeachwa kicheze."

"Nani kakiacha?"

"Ndivyo walivyotufundisha kule."

"Kule wana lami mpaka chooni." Alikuwa ameshashuka, anatoa mnyororo kwenye sanduku la tela.

Nilishuka nikamwonyesha picha. Aliiangalia vizuri, kwa heshima kabisa, mtu mzima akiangalia picha ya mtoto wa shule.

"Picha hii haijawahi kupita njia ya Itigi," akasema.

"Mzee, naomba usipitishe juu. Shingo itaumia."

"Juma. Mimi nimewahi kukushikia usukani?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Akapitisha mnyororo juu ya kikapu, akachomeka bomba kwenye mpini wa kikazio ili upate urefu, akajilaza juu yake kwa uzito wa mwili wote. Nilimshika mkono. Akautazama mkono wangu mpaka nikauondoa. Kikapu kilishuka, magogo yakalia, na rangi ya bomba la juu la kikapu ikamenyeka mnyororo ulipong'ata. Akakipiga kofi. "Tulia sasa." Na kikatulia kweli. Njia nzima hadi Itigi hakikutoa sauti tena, na mzee akawa ananitania kwamba Dar es Salaam walinifundisha kusikiliza makelele.

Tulipofika, kabla ya kushusha, nilimwambia Mhandisi wa ujenzi kilichofanyika, nikamwonyesha alama ya mnyororo. Hakunipuuza, sitamsingizia. Alisema, "Nimekuelewa, dereva. Isitumike mpaka fundi wa wenye mashine aikague." Akampigia simu fundi, fundi akasema yuko Tabora, atafika. Lakini Meneja wetu naye alimpigia Mhandisi simu, na neno lilikuwa lile lile. Leo. Mashine ya kukodi hailali. Wakaipandisha mkono ikiwa tupu, ikapanda. Wakaishusha, ikashuka. Nilipoondoka bado ilikuwa imezungushiwa utepe wa kukataza isitumike. Nilipopiga simu baadaye kuuliza, niliambiwa utepe umetolewa na kazi inakwenda vizuri sana, bati zinapanda, nisiwe na wasiwasi.

Mvua zikanyesha. Kazi ikaendelea.

Niliporudi Itigi nilikuwa na mzigo wa vyuma. Ilikuwa asubuhi, jua la kawaida. Nilimwona Zakaria juu, ndani ya kikapu, akanipungia mkono akaniita baba mdogo kama alivyozoea, akauliza kama baba yake hajambo. Nikamwambia hajambo, anamsalimu, anataka kujua kama mtoto kaanza kukaa. Akacheka. Nikageuka kufungua minyororo yangu, nikasikia mlio mmoja mkavu, halafu mwingine wa kitu kizito kufika chini.

Sitaeleza nilichokiona. Nitasema jambo moja tu, kwa sababu ni la kazi. Zakaria alikuwa amevaa mkanda wa usalama, na alikuwa ameufunga barabara, kwenye pete ya kikapu, kama wanavyofundishwa. Mkanda ulifanya kazi yake. Shingo ilipokatika, ulimshikilia kwenye kikapu mpaka chini. Nililia pale pale, mtu mzima, na hakuna aliyenishangaa.

Bwana Karakana, mkuu wa mafundi wetu, alifika mchana. Alichuchumaa kwenye shingo iliyokatika, akatuita mimi na Mhandisi. Nusu ya chuma ilikuwa nyeupe, inang'aa, imekatika asubuhi ile. Nusu ya pili ilikuwa nyekundu ya kutu.

"Hii nyekundu ni ya siku nyingi," akasema kwa sauti ndogo. "Ufa ulikuwapo, maji ya mvua yakaingia. Amekuwa akipanda na shingo nusu."

Mhandisi alikaa chini kwenye mchanga. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Ndipo likaja gari la Meneja kutoka Singida. Alikuwa amempakia Mzee Petro, maana mtu hawezi kuachwa asafiri kwa basi kwenda kuchukua mwili wa mwanawe. Mwili ulikuwa umeshapelekwa hospitali. Meneja alishuka akaangalia bati zilizotawanyika chini, akaanza kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mnaona sasa. Amezidisha mzigo. Nimesema mara ngapi kikapu si lori? Kijana kajiua mwenyewe."

Mafundi walikuwa wamesimama pale, wenzake Zakaria. Wanajua hakuzidisha; bati zile ziliangushwa na kikapu kutoka kwenye paa. Hakuna aliyefungua mdomo. Mkewe alikuwa amekaa ukutani na mtoto mgongoni, anasikia kwamba mumewe alikufa kwa ujinga wake. Nilijua jina la marehemu na haki ya mjane vilikuwa vinaondoka hivi hivi, na wa kuvizuia nilikuwa mimi. Na nilijua nikizungumza namwua Mzee Petro akiwa amesimama.

Mzee Petro hakuwa anamsikiliza Meneja. Alikuwa amekwenda kwenye kikapu. Nilimwona akipitisha kidole kwenye bomba la juu, mahali rangi ilipomenyeka, alama kwa alama, mpaka mwisho. Mtu aliyefunga minyororo maisha yake yote anaujua mng'ato wa mnyororo wake. Akanitazama. Nadhani uso wangu ulimtosha.

"Meneja," akaita.

"Pole sana, mzee wangu. Tuko pamoja na wewe."

"Mwanangu hakuzidisha mzigo."

"Mzee, una uchungu. Haya tutayazungumza."

"Tuyazungumze sasa, wenzake wakiwa hapa." Akaweka kiganja juu ya bomba. "Hapa palipitishwa mnyororo. Ni mimi niliupitisha, kule mbele ya Mkiwa. Dereva alinikataza, akanionyesha na picha. Nilimfunga mwanangu kama gunia la alizeti."

Mhandisi naye akasimama. "Na mimi niliambiwa," akasema. "Nikaruhusu utepe utolewe." Meneja aliangalia simu zake, moja halafu nyingine, na zote zilikuwa kimya.

Jina la Zakaria lilisafishwa. Walipokuja wakaguzi, waliyoyasema Mzee Petro na Mhandisi ndiyo yaliyoandikwa, na mjane akapata kilicho chake. Kuhusu kazi: Mhandisi aliondolewa, Meneja akahamishiwa mkoa mwingine na kupewa magari mengi zaidi. Nimeshaacha kushangaa.

Siku iliyofuata ajali tulimrudisha Zakaria Unyambwa. Nilikopa pikapu ya yadi. Jeneza lilipoingizwa, watu wote wakarudi nyuma wakasubiri, bila hata kuambizana, kwa sababu popote Mzee Petro alipokuwapo hakuna mwingine aliyefunga mzigo. Alichukua kamba. Aliishika kwa muda, akaizungusha kiganjani kama alivyokuwa akifanya siku zote kupima unyevu wake. Kisha akanipa.

"Funga wewe, Juma."

Nikafunga. Nilipomaliza, niliuona mkono wake ukinyanyuka kwa mazoea, kiganja kimefunguka, juu ya jeneza. Haukushuka. Akaurudisha mfukoni, akapanda mbele.

Hakurudi kazini. Nami niliendesha lobedi miaka mingine mingi, Manyoni, Kilimatinde, kote, chini ya mameneja wa kila aina, na kila mashine ya kikapu niliyopewa nilimwita kwanza aliyeifunga, awe nani, nikamwonyesha picha ile. Wengine walinicheka. Wengine walisema naleta dharau kwa wakubwa. Ilipofutwa ile kanuni ya dereva kutoongea juu ya kamba, hakukuwa na mkutano wala tangazo. Watu walianza tu kuulizana. Hilo peke yake ndilo ninalojivunia, na silijivunii sana, kwa sababu najua lilinunuliwa kwa nani.

Siku nilipostaafu walinipa mbuzi na maneno mazuri. Mbuzi nikampeleka kwa Mzee Petro. Sasa haoni vizuri, anakaa uani na mjukuu wake, mtoto wa Zakaria, msichana mrefu aliyemaliza shule. Yule msichana ndiye aliyemfunga mbuzi kwenye nguzo. Mzee hafungi kitu chochote, hata kamba za viatu vyake anafungiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Juma. Habari za yadi?"

Huniuliza hivyo kila ninapokwenda, na kila mara nasimulia: nani kaharibu gari, meneja mpya yukoje, lami imefika wapi. Anasikiliza, anatabasamu panapostahili. Halafu inakuja ile nyingine, na najua inakuja.

"Na zile za kikapu? Wanazifungaje siku hizi?"

"Minyororo kwenye masikio, mzee. Kikapu mkanda mmoja tu, kwa mkono."

"Wakifika kwenye changarawe?"

"Kinacheza, mzee."

"Kinapiga kelele?"

"Kinapiga. Tunakiacha."

Hapo huinamisha kichwa upande, anasikiliza.

"Kiacheni," anasema. "Kiacheni kipige."